Paka wa nyumba, mbwa wa mtu: nilivyopanga safari zangu nikiwa Mwanza

Huu ni mwaka wa tatu nafanyia kazi nyumbani kwangu Bwiru, jijini Mwanza, nikichambua takwimu za miradi ya kilimo na kutuma taarifa kwa njia ya intaneti. Hata hivyo, karibu kila mwezi hulazimika kufunga begi kwenda Bukoba, Musoma au Shinyanga ili kuhakiki takwimu hizo pale zinapokusanywa. Naishi na mbwa aitwaye Bosi na paka aitwaye Chiku, na kwa muda mrefu niliwahesabu kuwa mzigo mmoja: nikisafiri, nimtafute mtu mmoja, nimwachie chakula kimoja, nimpe maagizo ya aina moja. Ilinichukua safari mbili mbaya kuelewa kwamba paka hushikamana na nyumba, ilhali mbwa hushikamana na mtu, na kwamba mpango unaomfaa mmoja humtesa mwingine.

Safari ya kwanza nilimpeleka Chiku kwa shangazi yangu anayeishi Igoma. Shangazi alimpokea vizuri, akamwandalia kona jikoni na kipande cha sato cha kuchemsha, lakini jioni ileile paka akapenya kwenye tundu la dari na kukaa huko siku tatu bila kugusa chochote. Kila nilipopiga simu nilimkuta shangazi juu ya ngazi, sahani mkononi, akimbembeleza kama anayembembeleza mgonjwa. Mimi nilidhani njaa ingemshusha. Daktari wa mifugo niliyemwuliza hakulichukulia jambo hilo kwa wepesi wangu, akanieleza kwamba paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa akiwa mnene, mwili huanza kusukuma mafuta kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyahimili, na paka anaweza kufa kwa sababu hiyo hata kama hakuwa na ugonjwa mwingine. Nilikatisha safari kwa siku moja nikaenda kumchukua, na aliposhushwa langoni pa nyumba yangu alikwenda moja kwa moja kwenye sahani yake.

Nikaona basi wote wawili wabaki nyumbani, nikamlipa kijana aliyekuwa akinifyekea uwanja awe anakuja asubuhi na jioni. Chiku hakuwa na neno. Bosi, ambaye hajawahi kulala peke yake, alibweka usiku kucha, na siku ya nne akafukua chini ya geti. Nilikuwa Bukoba, katikati ya kikao cha mtandaoni, simu ikaita mara tatu nikaizima. Mara ya nne alikuwa mama jirani, naye hakusubiri shikamoo yangu: "Mwanangu, acha hiyo kompyuta unisikilize. Mbwa wako kamng'ata mtoto wa mpangaji wa nyuma."

Namshukuru mama yule kwa jambo moja ambalo watu wengi hulisahau kwa hofu. Kabla ya kunipigia, alikuwa ameuweka mguu wa mtoto chini ya bomba na kuusugua kwa maji na sabuni ya mche kwa robo saa nzima, ndipo akampeleka hospitali. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu daima huua, na kinachookoa ni kuosha jeraha mapema na kuanza chanjo bila kuchelewa. Muuguzi aliuliza kama mbwa amechanjwa. Alikuwa amechanjwa, lakini kadi yake ilikuwa kwenye droo niliyoifunga, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, ng'ambo ya ziwa. Mtoto akaanzishiwa chanjo kwa gharama yangu, na Bosi akafungwa na kuangaliwa kwa siku 10, kwa kuwa mbwa aliyekwisha kuwa na virusi kwenye mate huugua au kufa ndani ya muda huo. Siku ya kumi alikuwa akila na kuwabwekea pimbi kwenye majabali kama kawaida yake. Nilipokwenda kuomba radhi, baba wa mtoto aliniambia kwamba ningekuwepo lisingetokea, nami sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo Bosi ana kwake kwa pili, Luchelele, kwa mwalimu mstaafu mwenye uwanja wenye ukuta na mbuzi wachache. Hatukuanza kwa safari. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikimpeleka kila Jumamosi, nikikaa naye, kisha nikimwacha kwa saa chache, hadi siku aliponiona naondoka na hakunyanyua hata kichwa. Huenda na turubai analolalia, bakuli lake na nakala ya kadi ya chanjo, na picha ya kadi hiyo ipo pia kwenye simu ya mwalimu. Dereva wa bajaji anayekubali kumpakia ni mmoja tu, tena kwa nauli ya watu wawili.

Chiku hubaki nyumbani. Anayemtunza ni kijana wa jirani anayesoma chuo, ambaye nilipomwomba awatunze wote wawili alinijibu kwa adabu, "Paka sawa, kaka, ila mbwa dini yangu hainiruhusu kumshikashika." Nilitaka kubishana, nikajizuia, na leo naona jibu lake ndilo lililonisaidia kuwatenganisha. Namlipa kwa siku, tena kabla sijaondoka, kwa sababu anayesaidia bure huona aibu kukueleza tatizo. Hanitumii picha ya paka, maana paka aliyelala haonyeshi kitu. Hunitumia picha ya sahani na ya beseni la mchanga, na hizo ndizo zinazonieleza kama anakula na kama anajisaidia.

Chakula kilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nikinunua kwenye soko la samaki la Mwaloni dagaa wa bei nafuu wanaouzwa kwa ajili ya kuku, wale walioanikwa mchangani, na Chiku akawa anatapika. Sasa nanunua walioanikwa kwenye chanja, nawachambua, nawaosha kwa maji mengi na kuwachemsha, kisha nawagawa kwenye vifuko vya siku moja moja na kuviweka kwenye friza. Bosi hula ugali wa dona uliochanganywa na dagaa haohao, lakini nimemkataza kijana kumpa paka ugali huo kwa kumwonea huruma, kwa sababu paka haishi bila nyama au samaki.

Safari zenyewe nazo zimepungua kidogo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, Geita naenda na kurudi siku hiyohiyo bila kusubiri kivuko, na Bosi halazimiki kuhama. Wiki ijayo, hata hivyo, naenda Musoma kwa siku nne. Mwalimu amekwisha kumfungia mbuzi wake mmoja mkorofi upande wa pili, na kijana ameniuliza tangu jana kama dagaa wa safari hii nimeshawachemsha.