Ngazi Zilizolika

Mei 2019 nilimsindikiza shangazi yangu hija ya Roma. Yeye alikwenda kusali. Mimi nilikwenda kubeba mabegi na kutazama majengo, na kila kanisa tuliloingia, macho yake yalikimbilia madhabahuni, yangu sakafuni.

Mchezo huo ulinianza Aracoeli, kanisa lililo juu ya kilima cha Capitolino. Unapanda ngazi 124, zilizojengwa mwaka 1348, unaingia unahema, na chini ya miguu yako kumbe ni makaburi. Maaskofu na mabwana wa zamani wamechongwa wamelala chali, lakini pua hakuna, macho hakuna; karne kadhaa za viatu zimepita juu yao. Jiwe la Giovanni Crivelli sasa limesimamishwa ukutani. Alilichonga Donatello mwenyewe, lakini nalo lilikaa sakafuni muda mrefu, na ukubwa wa jina la fundi haukumsaidia marehemu: uso umeisha kama kipande cha sabuni.

Kwa Mtakatifu Petro tuliona mguu wa kulia wa ile sanamu ya shaba, ambao mahujaji wameugusa na kuubusu hadi vidole vimepotea. Shangazi alilia. Mimi haukunigusa sana, labda kwa sababu kila mwongozaji anauonyesha.

Ngazi Takatifu ndizo zilizoniweza. Ziko karibu na Kanisa Kuu la Laterano, 28, za marumaru. Mapokeo yanasema zilitoka katika jumba la Pilato na kwamba Yesu alizipanda; Mtakatifu Helena ndiye aliyezileta Roma. Hayo nawaachia wenye elimu yao. Ila mwaka 1723 Papa Inosenti XIII aliamuru zifunikwe kwa mbao, kwa jinsi zilivyokuwa zinaisha, na tangu hapo watu wamepanda juu ya mbao. Mwaka ule wa safari yetu ukarabati ulikuwa umekamilika, na kuanzia Aprili hadi Juni marumaru iliachwa wazi kabla ya kufunikwa tena. Mafundi walipong'oa zile mbao walikuta chini yake vikaratasi vya maombi, picha na sarafu.

Zinapandwa kwa magoti tu. Shangazi alitangulia na rozari yake, nami nikafuata.

Ngazi ya kawaida hulika ukingoni, katikati, pale nyayo zinapotua. Hizi zina mabonde hasa, mengine yanameza kiganja. Mwanzoni nilidhani ni kazi ya magoti peke yake. Kisha nikawatazama watu waliokuwa mbele yangu: kila anayejisukuma kwenda juu hukita ncha za viatu kwenye jiwe na kukwangua kidogo. Ukiwa huko chini huna pa kuchagua pia. Goti linateleza lenyewe hadi ndani ya shimo, kiatu kinafuata njia ileile, na shimo linazidi kwenda chini. Yaani aliyepita mapema zaidi alikuwa amekwisha kuamua mimi nitaumia wapi. Kingo za yale mabonde ni kali, na suruali yangu ilikuwa nyepesi.

Nilipofika kama katikati nikaingiza vidole katika bonde moja nione yanazama kiasi gani. Shangazi akageuka.

"Wewe unasali au unapima?"

"Vyote viwili, shangazi."

"Basi maliza kusali kwanza. Watu wanangoja nyuma yako."

Nilimaliza, kwa haraka isiyo na heshima sana.

Kule juu alikaa akijikanda magoti, na tukabishana kuhusu zile mbao. Yeye aliona ni dhuluma: mtu atoke mbali, apige magoti, halafu aguse ubao! Mimi nilikuwa upande wa mafundi. Kama zisingefunikwa kwa karibu miaka 300, nilimwambia, sisi tungepanda mteremko. Akajibu kwamba jiwe la kukaa bila kuguswa ni la kaburini. Nikamkumbusha wale maaskofu wa Aracoeli wasio na pua.

Akanitazama kidogo, akanipa mkono nimwinue, akasema twende tukatafute chakula.