Ni Haya Tu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu nilirudi kliniki, nikapanda mizani: kilo 91, zilezile za mwezi uliopita. Muuguzi akaomba lile daftari aliloniagiza niandike kila ninachokula. Akalisoma lote, akaniuliza kwa upole, "Mama, ni haya tu?" Nikajibu, "Ndiyo, ni haya tu."

Kwenye daladala ya kurudi Igoma, Matendo 5 ilinijia nzima. Safira na mumewe Anania waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha. Petro alimuuliza Safira kama walikiuza kwa thamani ile waliyoileta, naye akajibu, "Ndiyo, kwa thamani hiyo." Jibu langu kabisa!

Niliyoyaandika yalikuwa kweli: ugali, sato, mchicha. Ila sikuandika maandazi ya saa nne, soda ya baada ya ibada, wala minofu ninayomalizia kwenye sahani za watoto. Na mafuta je? Jumanne nilipika mchicha, nikamimina mafuta kama siku zote, lakini safari hii kwenye kikombe kwanza, nikayapima kwa kijiko cha chakula. Vijiko sita. Kijiko kimoja kina kalori kama 120, kwa hiyo sufuria ile ilibeba zaidi ya 700 za mafuta peke yake, na mezani tulikuwa watatu. Kwenye daftari nilikuwa naandika "mboga za majani".

Mimi nauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Mtu akinipunja hata nusu kilo, soko zima litanisikia. Mithali 11:1 naijua kwa moyo, tena nimewahi kuwasomea wenzangu. Lakini mizani ya hadaa nilikuwa nayo jikoni kwangu.

Kina mama wenzangu, nivumilieni niseme. Tunaomba maombi ya presha, ya sukari, ya magoti. Wapendwa wanafunga kwa ajili yetu. Halafu tukifika mbele ya muuguzi tunapunguza vijiko vya sukari mdomoni. Atatusaidiaje kwa chakula ambacho hatujamwambia? Anabadilisha dawa, anahangaika, kumbe tumemficha. Tuache, jamani. Tunafichana hadi tunazikana.

Wala sisemi mtu ajinyime chakula. Petro alimwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa mali yake; hakuna aliyemlazimisha kuuza. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Andazi ni lako, mama. Ukilila, liandike. Ukila mawili, andika mawili, hata kama mkono unatetemeka, maana Bwana apendezwa na kweli iliyo moyoni, na hakuna siku atakayokufukuza kwa kuileta.

Jumatatu ijayo narudi kwa yule dada. Nitaanza kwa kumwomba msamaha, kisha nimpe daftari. Ukurasa wa leo asubuhi unasema: chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, chapati moja na nusu. Ile nusu aliibakiza mjukuu.