Kumbukumbu ya mradi: ile "− 1" ya 2⁶⁷ − 1

Hatimaye programu yangu ya kusaka vigawo vya 2⁶⁷ − 1 imekubali! 193707721 imejitokeza yenyewe kwenye simu.

2⁶⁷ − 1 ikiandikwa yote ni 147573952589676412927. Mtawa Mfaransa Mersenne aliiorodhesha kuwa tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) mwaka 1644, mwanahisabati Mfaransa Lucas akathibitisha mwaka 1876 kwamba si tasa bila kuonyesha kigawo hata kimoja, na Mmarekani Cole akaja kuvianika vigawo New York mwaka 1903: 193707721 × 761838257287. Jibu lilijulikana zamani. Nilichotaka ni programu ilifikie bila kuambiwa.

Mchujo haukunisumbua. Kigawo tasa lazima kiwe 134k + 1 (134 ni 67 mara mbili, k ni namba nzima, hapa 1445580), na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. Nusu ya wagombea wanaanguka hapo.

Kilichonitoa jasho ni baki. Programu (nimeiandika kwa lugha ya JavaScript, na msinianze) ilikuwa inaipita 193707721 kama haijaiona. Nikaiingiza namba hiyo kwa mkono: baki 1. Nikaingiza kile kigawo kikubwa: baki 1. Mimi nataka 0! Nikaandika upya mzunguko wote, nikaazima simu nyingine, 1 ileile. Mwishowe nikaiagiza inionyeshe namba yenyewe inayoigawa, ikatoa 147573952589676410000. Sufuri nne mkiani, kwa namba ambayo ni witiri!

Hapo ndipo uchawi ulipo. Namba ya kawaida ya JavaScript ina nafasi ya tarakimu 53 tu za 0 na 1. 2⁶⁷ inaingia salama kwa kuwa ni 1 na msururu wa sufuri. 2⁶⁷ − 1 ni moja 67 mfululizo; hazienei, basi inapandishwa hadi 2⁶⁷. Ukitoa 1, hakitoki kitu. Kumbe mashine ilikuwa inagawanya 2⁶⁷, tena kwa usahihi kabisa, na baki 1 ndiyo habari njema yenyewe: 2⁶⁷ ikibakiza 1, 2⁶⁷ − 1 inabakiza 0.

Nimefuta "− 1", nikauliza kama baki ni 1. Basi. Mtasema lugha nyingine, Python, ingebeba namba nzima bila longolongo. Ni kweli, na ndiyo maana hainifundishi kitu. BigInt nayo, aina ya namba ya JavaScript isiyokata tarakimu, simu hii inaiburuza.

Nilipanga kufuata na kipimo cha Lucas na Lehmer, kinachoamua kama namba ya aina hii ni tasa. Kitangoja, kwa sababu hila hii inafanya kazi hadi 2¹⁰²³ (kwa 2¹⁰²⁴ unapewa Infinity, yaani "isiyo na kikomo"), na sasa naipitisha kwenye vipeo tasa vyote (kipeo ni kama ile 67 ya 2⁶⁷). Kipeo 11 kimetoa 23, 83 kimetoa 167, 131 kimetoa 263, 179 kimetoa 359: kila mara kipeo mara mbili, ongeza 1. Nikaikimbilia 53, maana 107 nayo ni tasa. Wapi! 107 kwa 8 inabakiza 3, mchujo umeitupa mlangoni, na kigawo cha kwanza kimekuja kuonekana kwenye 6361.