Mkono wa Kuume na Ulimi

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumatano iliyopita tulikwenda Nyalenda, hapa Kisumu, kumwona mama wa ushirika wetu aliyepigwa na kiharusi. Mkono wa kuume umelala mapajani kama si wake. Ukimuuliza kama amekula, midomo inahangaika hadi machozi yanamtoka, neno halitoki. Tukabaki kimya. Ndipo dada mmoja akaanzisha wimbo wa zamani wa Kijaluo, na mama akaudaka. Akaimba ubeti mzima, maneno yote mahali pake. Binti yake alitoka jikoni na sufuria ya chai mkononi, akasimama mlangoni.

Nilirudi nyumbani nikasoma. Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi usemi nao hukaa huko. Mwaka 1861 daktari Mfaransa, Paul Broca, alimpata mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, “tan”; alipofariki, jeraha likaonekana upande wa kushoto, mbele. Ila kuimba hutumia pia nusu ya kulia, ndiyo maana wako wasioweza kusema lakini wanaimba. (Wale wa semina wanaotugawa kuwa watu wa ubongo wa kushoto na wa kulia wanarahisisha mno. Nusu hizo zimeunganishwa na nyuzi za neva zipatazo milioni 200, zinapashana habari mchana na usiku.)

Kisha nikafungua Zaburi ya 137, ambayo nimeihubiri sijui mara ngapi. Mateka huko Babeli wanadaiwa wimbo, na mwimbaji anajiapiza: akiisahau Yerusalemu, mkono wake wa kuume na usahau, ulimi wake na ugandamane na kaakaa. Mkono wa kuume na ulimi, pamoja! Ndivyo viwili viondokavyo nusu ya kushoto ikiumia. Huenda alishamwona mgonjwa wa namna hiyo.

Kwake kilikuwa kiapo cha msahaulifu. Mama yetu yamempata yote mawili, na hakusahau. Wanaonong'ona kwamba pana dhambi iliyofichwa nyumba ile, ningependa waje wamsikie.

Jumatano hii tunarudi, saa kumi jioni. Tusimrundikie maswali, tuanze na wimbo. Na mkimsalimia shikeni mkono wa kushoto, hakuna atakayeuhesabu utovu wa adabu.