Nyota ya Pinocchio kwenye ukumbi wa dansi

Jumapili usiku.

Binti yangu amenipiga marufuku kuimba "When You Wish Upon a Star", wimbo wa filamu ya Pinocchio, kwa mtindo ambao bendi yetu inaufanyia mazoezi. "Baba, hiyo siyo yenyewe," kasema, na kwake kesi imekwisha. Watoto ni wakali kwa nyimbo za filamu zao. Ukikosea silabi moja wanakurudisha mwanzo kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Nimecheka, lakini maneno yake hayajanitoka. Yenyewe ni ipi?

Hapa Fort Worth, Texas, nimeangukia mikononi mwa wazee wanaopiga westani swingi, muziki ambao mji huu unaweza kudai umezaliwa kwake. Mwaka 1931 Bob Wills na Milton Brown walikuwa wakipiga redioni kutangaza unga wa ngano, wakiitwa Light Crust Doughboys. Brown alijitoa mwaka uliofuata, akaunda bendi yake na kujaza watu kwenye ukumbi wa Crystal Springs, hadi ajali ya gari ilipomkatisha mwaka 1936. Wills akaishia Tulsa, Oklahoma, na bendi yake ya Texas Playboys. Walichukua fidla, yaani vayolini, za dansi za mashambani, wakazipandisha juu ya bluzi na jazi walizojifunza kwa Wamarekani Weusi, wakaongeza na lile gitaa la Kihawaii linalolazwa, ambalo mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Wills alithubutu hata kuweka ngoma, jambo ambalo wapenzi wa kantri wa siku zile waliliona kama kufuru.

Mimi kazi yangu ni gitaa la rithimu. Napiga kodi, yaani sauti kadhaa kwa pamoja, kwenye kila pigo, na vidole vya mkono wa kushoto vinalegea papo hapo ili sauti ikatike isibaki ikining'inia. Besi inakanyaga pigo la kwanza na la tatu. Hakuna ujanja wa kuonekana, lakini ukizembea kidogo tu, wachezaji wanajua kabla yako.

Wazo la nyimbo za filamu za watoto lililetwa na mzee wa fidla, kwa ajili ya wajukuu wake. Nilidhani ni mzaha. Kumbe nyimbo zile za zamani zina undugu na muziki huu kuliko nilivyofikiri. Filamu ya Pinocchio ilitoka mwaka 1940. Mwaka huohuo Wills alirekodi "New San Antonio Rose". Na yule aliyeimba wimbo wa nyota kwa sauti ya yule nyenje mpole wa filamu, Cliff Edwards, hakuwa mwimbaji wa kubembeleza watoto hata kidogo. Alikuwa mtu wa jukwaani wa miaka ya 1920, maarufu kwa jina la Ukulele Ike, mkono ukulele, mdomo ukiiga vyombo vya jazi. Kwa hiyo tunapoukaza mdundo na kuacha gitaa la kulaza limjibu mwimbaji, sioni kama tumeuvisha wimbo nguo ya kuazima.

Ila maana yake inahama, na hapo ndipo ninapokaa nikifikiri. Kwenye filamu, wimbo ule ni wa mtu mmoja na dirisha lake: omba, ngoja, utapewa. Nilipokuwa mdogo, tukiutazama kwenye kanda ya video iliyochakaa, ulinitia huzuni bila kujua kwa nini. Sasa nadhani najua. Niliona watu wengi wakiomba na kungoja. Swingi haina subira hiyo. Waliokuwa wakijaa kwa Wills mle Cain's Ballroom, ukumbi wa dansi wa Tulsa, miaka ya 1930 walikuwa watu wa mdororo wa uchumi na wa vumbi lililofukia mashamba ya Oklahoma. Walikuwa na sababu zote za kukaa dirishani. Walilipa kiingilio, wakashikana mikono, wakacheza. Wimbo wa nyota ukipigwa hivyo, ombi halipotei, lakini linaombwa na ukumbi mzima, na miguu haingoji jibu.

Si kila wimbo unakubali. "The Bare Necessities" wa filamu ya The Jungle Book ya mwaka 1967 uliingia wenyewe, maana kodi zake zinazunguka kama za nyimbo za zamani za ragtaimu, na Phil Harris aliyeuimba alikuwa kiongozi wa bendi ya dansi kabla ya kuwa sauti ya dubu Baloo. "Some Day My Prince Will Come" wa filamu ya Snow White ulitugomea. Ni waltzi, mapigo matatu, na tulipoulazimisha uingie kwenye manne ukawa kama unachechemea. Tumeurudishia matatu yake, na fidla mbili zinaimba pamoja, moja juu ya nyingine. Bendi za swingi nazo zilipiga waltzi, kwa hiyo hakuna aliyeasi. "Let It Go" wa filamu ya Frozen ni hadithi nyingine. Wimbo ule unaishi kwa kuvuta pumzi na kupanda, kupanda, hadi kilele. Ukiutia mdundo wa kuruka, kilele kinageuka kichekesho. Tuliujaribu, tukacheka, tukauacha.

Rafiki yangu wa Nairobi niliyemtumia rekodi ya simu amejibu kwamba tunaharibu vitu vya watu. Nimemkumbusha wimbo wa Chemirocha. Sahani za Jimmie Rodgers, Mmarekani wa kantri, zilifika kwa Wakipsigis, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akarekodi wasichana wakimwimbia kwa ala zao wenyewe. Hakuna aliyewadai wasichana wale kibali, na leo watu wanausikiliza wimbo ule duniani kote. Hajanijibu bado. Yeye huyohuyo akisikia rumba anasubiri kwa hamu mwimbaji amtaje mpiga solo kwa jina, jambo ambalo Wills alikuwa akilifanya Tulsa kila usiku, tena kwa kelele za "aah-haa!" katikati ya ubeti wa mwenzake.

Kelele hizo ndizo pekee ambazo binti yangu amezipitisha. Wimbo bado anaukataa, lakini ameomba nafasi ya kupiga ile "aah-haa" kwenye mazoezi yajayo, na mzee wa fidla amekubali. Sharti lake ni kwamba apige kabla ya solo, asipige juu yake. Tunaanza na "Whistle While You Work", nao wa Snow White, kwa ufunguo wa D, maana fidla inapenda D. Kwa hiyo usiku huu nabadilisha nyuzi, halafu natafuta namna ya kutoka kwenye kodi ya B saba bila vidole kujikwaa.