Fundi, Krismasi nitavaa?

Desemba hapa Tukuyu mvua haitupi nafasi. Asubuhi ukungu umeufunika Mlima Rungwe, mchana barabara ni tope, na wateja wanaingia ofisini kwangu vitambaa vikiwa vimekunjwa ndani ya mifuko visilowe. Swali lao ni moja: "Fundi, Krismasi nitavaa?"

Ninashona nguo, na ni Mmoravian. Kila majilio kanisani tunasomewa Isaya, watu waliokwenda katika giza wameona nuru kuu, na mimi huondoka moyo umejaa. Lakini mteja wangu hajui nilichosikia Jumapili. Anachojua ni nilichomwambia Jumatatu alipouliza aje lini.

Mafundi tunasemwa vibaya mjini, na tunaosemwa tunastahili. Fundi anapokea advansi za vitambaa ambavyo anajua kabisa mikono yake haitavimaliza, kwa sababu anaogopa kumwacha mteja aende kwa jirani. Halafu linaanza lile la "njoo kesho". Kesho zipu imekosekana. Keshokutwa umeme ulikatika. Tarehe 24 jioni simu imezimwa. Asubuhi yake kuna mtoto Kiwira au Masoko anayekwenda kanisani na gauni la mwaka jana lililombana kwapani, na mama yake alilipa tangu Novemba. Huyo mama akimwona fundi yule amesimama kwenye kwaya, anaimba kwa macho yaliyofumbwa, ataona nini?

Kwa hiyo daftari langu la Desemba nalijaza kwa hesabu. Gauni la mtoto lenye bitana, zipu na maua ya kiunoni ni kazi ya nusu siku. Shati la mwanaume la mikono mirefu lina kola na vishikizo, halitaki haraka. Umeme ukikatika cherehani ya miguu inaendelea na pasi ni ya mkaa, ila ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, inasimama, na nguo ambayo haijapigwa ovaloki sitoi. Ninahesabu pia siku za msiba, maana hapa kwetu msiba ukitokea mtaani huwezi kukaa unashona wakati wenzako wako kwa wafiwa. Kinachobaki ndicho ninachoahidi. Daftari likijaa namwambia mtu, "Mama, sitaweza, mpelekee mwenzangu pale chini, bado ana nafasi." Fedha inapotea kweli. Mwezi huu ndio unaolisha miezi mingine, na nina ada za shule kama kila mzazi.

Wiki iliyopita aliingia dada mmoja wa Kiislamu akitaka magauni ya binti zake kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nikamuuliza kama kuna aliyemwelekeza kwangu. Akasema, "Jirani yangu kaniambia wewe ukisema Alhamisi ni Alhamisi." Jirani huyo namfahamu. Hatujawahi kuzungumza habari za dini hata siku moja.

Lakini aliyenifanya nikae niandike haya ni mama mwingine. Mumewe alizikwa mwezi wa kumi. Alileta suti ya marehemu, ya kijivu, akaiweka mezani, akakaa kimya muda mrefu huku mvua ikipiga bati. Nikampa chai. Baadaye akasema wanawe wawili hawana nguo ya sikukuu, na yeye hana fedha ya kitambaa, je, koti la baba yao linaweza kukatwa?

Linaweza. Niliifumua suti mshono kwa mshono kwa wembe, kwa sababu mkasi ungekula kitambaa. Nje ilikuwa imepauka mabegani, ndani rangi bado ni mpya, basi nikageuza, upande wa ndani ukawa nje. Suruali ikatoa kaptula mbili, koti likatoa vizibao viwili. Nikaacha pindo refu, wavulana wale wanarefuka. Alipokuja siku tuliyopatana alivigeuza akaangalia mshono wa ndani, akapitisha kidole kwenye pindo. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha tukaomba pamoja, palepale katikati ya vitambaa vya watu. Alilia, na mimi nililia. Sikumhubiria. Sidhani alihitaji kuambiwa na mimi kwamba Mungu yupo. Alihitaji wanawe waingie kanisani bila kutazamwa kwa huruma.

Ninampenda sana Dorkasi wa Yafa, yule wa Matendo sura ya 9. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hatupi hata neno moja alilosema mwanamke huyu. Ushahidi wake walikuwa wameushika mikononi.

Kuna jambo limenisumbua miaka mingi. Katika Mathayo 5 Bwana anasema nuru yetu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yetu mema. Sura inayofuata anasema ukitoa sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Yote mawili ni mahubiri yaleyale ya mlimani. Mimi nayashika hivi: nguo ionekane, bei isisikike. Wavulana wale watapendeza mbele ya usharika mzima, na hakuna atakayejua mama yao alilipa nini. Hata hapa nimebadilisha rangi ya ile suti.

Kanisa letu lina historia ya watu wa mikono. Wamisionari wa kwanza waliotoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi walikuwa Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Huku kwetu Rungwe Wamoravian walifika mwaka 1891. Na ile ibada ya mishumaa ya Krismasi inayofanywa na Wamoravian sehemu nyingi za dunia ilianzia kwa watoto, huko Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747: kila mtoto alipewa mshumaa uliofungwa utepe mwekundu. Utepe ni kazi yetu mafundi! Mwaka huu vipande vyekundu vilivyobaki kwenye magauni nimevikata vyembamba, nimempelekea mwalimu wa shule ya Jumapili awafungie watoto mishumaa yao.

Kwa wateja wangu mnaosoma hapa: daftari limebakiza nafasi chache za magauni ya watoto, mashati ya wanaume yameshajaa. Kitambaa kitakachofika baada ya tarehe 18 nitakishona Januari pamoja na sare za shule. Mwenye nguo ya msiba au ya mtoto yatima asisubiri foleni, aje moja kwa moja hata usiku, tutapanga.

Krismasi njema.