Kupitisha funksheni bila kuiita

Katika Python na JavaScript, funksheni ni thamani kama namba ilivyo thamani. Unaiweka kwenye kigeu, unaipanga ndani ya orodha, unaipa funksheni nyingine, au unairudisha kama jibu. Hayo hayana ugumu. Wanaoanza huangushwa na mabano `()`, ambayo ndiyo huiita funksheni, yaani huifanya itekelezwe.

Katika JavaScript, `setTimeout(salimu, 1000)` inakabidhi funksheni yenyewe ili iitwe baada ya sekunde 1. Ukiandika `setTimeout(salimu(), 1000)`, umeshaiita. Kinachokabidhiwa ni jibu lake, mara nyingi `undefined` (hakuna thamani). Kivinjari hunyamaza kimya, na salamu hutokea mapema. Node, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, angalau hulalamika.

Tego la pili ni idadi ya agumenti, yaani thamani zinazopewa funksheni inapoitwa:

`["1", "2", "3"].map(parseInt)`

Jibu ni `[1, NaN, NaN]`; `NaN` maana yake si namba. `map`, inayoiita funksheni kwa kila elementi ya orodha, hutuma vitu vitatu: elementi, nafasi yake na orodha nzima. `parseInt` huchukua cha pili kama msingi wa namba. Msingi 0 huhesabiwa kuwa 10, msingi 1 haukubaliki, na msingi 2 hauna tarakimu 3. Andika `map(x => parseInt(x, 10))`.

Lakini linalokula muda wa watu zaidi ni hili la Python (`lambda` huunda funksheni fupi isiyo na jina):

`kazi = [lambda: i for i in range(3)]`
`[f() for f in kazi]`

Unatarajia `[0, 1, 2]`, unapata `[2, 2, 2]`. Funksheni haikubeba thamani ya `i` ya wakati ilipozaliwa. Imeshikilia kigeu chenyewe, na zote tatu zinashikilia kilekile. Zinapoitwa, lupu imekwisha na `i` ni 2. Dawa iliyozoeleka ni `lambda i=i: i`, kwa kuwa thamani ya awali hukokotolewa funksheni inapoundwa. Mimi siipendi sana: anayeita akipitisha agumenti kwa bahati mbaya, `i` inafutika bila onyo. `functools.partial(g, i)`, ambapo `g` ni funksheni inayopokea `i`, ni safi zaidi. Katika JavaScript, `let` iliyokuja 2015 hutengeneza kigeu kipya kila mzunguko wa `for`; `var` haifanyi hivyo.

Pia, `const f = akaunti.onyesha` huiacha `this` nyuma, yaani funksheni haijui tena kuwa ni ya `akaunti`. Tumia `akaunti.onyesha.bind(akaunti)`.

Na usijaribu kuondoa msikilizaji (funksheni inayoitwa tukio kama kubofya linapotokea) kwa `removeEventListener("click", () => salimu())`. Kila mshale `=>` unaouandika huunda funksheni mpya, hata herufi zikifanana zote, kwa hiyo hakuna kinachoondolewa. Ihifadhi kwenye kigeu kwanza, kisha utumie jina hilohilo kuongeza na kuondoa.